Nakala Halisi

Miaka sita, kila asubuhi hapa Mbale,
kabla sijapangusa vumbi mezani,
kompyuta yangu ilinisalimu kwa kuniita mwizi.
Pembe ya chini, kulia, kwa maandishi hafifu:
nakala hii si halali.

Nami nikaiinamia nikipiga hati za viapo,
mikataba ya robo ekari, ya thumuni ya ekari,
ya ukanda wa ardhi mwembamba kama leso,
na mwisho wa kila ukurasa nikiandika, sheria itakavyo:
Hii ni nakala halisi.
Wakili akigonga muhuri. Mimi nikiificha pembe ile
kwa kipande cha plasta, ile ya vidonda.

Niliinunua Nakuru, nyuma ya stendi,
kwa mtu aliyeniapia kwamba kila kitu kimo.
Kweli kilikuwemo. Cha wizi.
Sikuwa na elfu kumi na tano za kununulia ruhusa
ya kitu nisichoweza kukishika.

Ilipogoma kabisa, mwezi wa nne,
skrini samawati, mteja amesimama,
nikampelekea Asava, fundi wa simu
mwenye kibanda chini ya ngazi za duka la mbolea.
Akachomeka flashi, akaagiza chapati mbili.
Hajamaliza ya pili, akanigeuzia: "Tayari."
Nikauliza bei. Mia tatu za mkono wake, akasema,
programu yenyewe haina mwenye kuidai.
"Inaitwa Linux. Mama Idagiza wa kuku anayo.
Karani wa zahanati anayo. Hata yule mhubiri wa spika."
Sikumwamini.
Huku kwetu kitu cha bure huja na kesi.

Na kesi zilikuja, tusidanganyane.
Printa ilinuna siku tatu.
Barua ya chifu ilitoka herufi zimepandana kama meno ya utotoni,
nikarudi chini ya ngazi na maneno
nisiyoweza kuyaandika hapa.

Ila pembe ya chini, kulia: tupu.
Nikabandua plasta. Gundi ikabaki,
naiona hadi leo jua likipiga.

Baba alikuwa na ekari moja na wana wanne wa kiume.
Hesabu hiyo mnaijua. Mimi sikuwamo.
Kwa hiyo mnisamehe nikilishangaa shamba hili
ambalo Asava amemega, mhubiri amemega,
watu wa nchi nisizozijua wamemega,
na kipande changu bado ni shamba zima.

Menyu zake nikaziweka kwa Kiswahili.
Nani alikaa akazitafsiri? Usiku gani, kwa stima ya nani?
Kazi safi, isipokuwa kitufe kimoja,
kile cha kurudisha nyuma ulichokosea.
Walikiandika: Haribu.
Wiki mbili nilikizunguka kama shimo la choo.
Kisha nikaandika, kwenye anwani niliyoonyeshwa na Asava,
Ndugu zangu, hilo si jina lake.
Sisi watu wa hati husema Tangua.
Nikatia sahihi: Kageha, mpiga chapa, Mbale.

Kimya. Mahindi yakapaliliwa, yakavunwa.

Juzi, mvua ikitwanga mabati, ikajisasisha.
Nikafungua. Tangua.
Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?
Mzee Mudaki alikuwa mbele yangu, kofia magotini,
akinitajia warithi wake, watano.
Nilipomaliza kuwasoma akanyoosha kidole:
"Huyo Vugutsa ameolewa. Mtoe."
Nikamtoa. Ni kazi.
Akaitazama mvua. Akaulizia bei ya ukurasa mmoja,
halafu ya kurasa mbili.
Akakohoa. "Hebu," akasema, "umrudishe."

Nikabonyeza neno langu.
Vugutsa akarudi, wa tatu kutoka juu,
mahali pake pale pale.